Kichwa kinachopasuka gafla: namna ya kutafuta damu inayozunguka ubongo, sisi tunaopokea wagonjwa Bukavu

Bandugu mnaofanya zamu kwenye vituo vya afya, Kadutu, Bagira, Panzi, Nguba, na ninyi wa Goma na Lubumbashi pia, hii naandika juu ya mama mmoja ambaye sijamsahau. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku kwenye kituo kimoja, akaletwa mama wa miaka 40 na kitu, muuzaji wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, alikuwa anainua beseni kichwani asubuhi ile njo kichwa kikampasuka, akatapika mara mbili, akakaa nyumbani mbaka jioni. Tukampima TDR, kipimo cha haraka cha malaria, ikatoka pozitifu, tukampa dawa ya malaria na sindano ya diclo (diklofenaki, ya maumivu), kichwa kikatulia kidogo, akarudi kwake kwa mguu. Siku ya tatu wakamrudisha hajitambui, na familia ilikuwa imempitisha kwanza kwa mtu wa kutapisha karuho, juu waliona mtu mzima ameanguka bila homa wakasema ni sumu. Alikufa kabla hajafika kwenye skana, mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Kati yetu wote tuliomgusa siku ile ya kwanza hakuna aliyemuuliza kichwa kilianza namna gani na ilikuwa saa ngapi.

Ndiyo maana mwongozo huu wote nimeuzungusha juu ya hayo maswali mawili. Hayaombi franga hata moja, hayaombi umeme.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Ubongo umefunikwa na ngozi tatu, na kati ya ile ya katikati inayoitwa araknoide na ile iliyogusa ubongo wenyewe kunapita maji safi, ndani ya maji hayo ndimo mishipa mikubwa ya damu inapita. Mshipa mmoja ukiwa na sehemu dhaifu iliyovimba kama puto, yaani anevrisimu, siku ikipasuka damu inaingia kwenye maji kwa nguvu ya moyo, mara moja. Kama mgonjwa hakuumia kichwa, karibu 85 kati ya 100 ya damu za namna hii zinatoka kwenye anevrisimu. Na tundu lile linaweza kufungika lenyewe kwa muda kisha likapasuka tena, na hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Mgonjwa anayetembea na kuongea leo ndiye yule ambaye ukimkosa anarudi kesho akiwa koma. Yule aliyekuja tayari koma kila mtu anaona ni mgonjwa sana, hatari ya kukosea iko kwa huyu anayetembea.

Hatua ya 1: uliza mwanzo, na uandike saa

Kosa ambalo naona kila siku ni kuuliza "kichwa inauma sana ao kidogo?". Kila mtu atakwambia sana, mwenye malaria kichwa kinamuuma sana, mwenye migreni ndiyo kabisa. Ukali peke yake haukuambii kitu, kasi ndiyo inasema. Na neno gafla nalo linadanganya, kwa watu wengi gafla ni "jana sikukuwa nayo, leo niko nayo". Kwa hiyo mimi natumia mikono. Napandisha mkono pole pole kama mtu anapanda mlima wa Kadutu, namuuliza, "Mama, ilipanda hivi?", kisha napiga makofi mara moja, paa, "ao hivi?". Mgonjwa wa damu anachagua makofi bila kufikiri. Atakwambia, "Sawa vile bamenipiga na nyundo," ao "nilizani mutu amenitupia jiwe, nikageuka kuangalia." Kichwa cha namna hiyo kinafika kilele ndani ya sekunde chache, ao dakika moja hivi.

Muulize pia, "Ile dakika ulikuwa unafanya nini?" Mtu ambaye anakumbuka dakika yenyewe, nilikuwa nainua bidoni ya maji, nilikuwa chooni najikaza, nilikuwa na bwana yangu kitandani, huyo msikilize vizuri sana. Hilo la kitandani hawalisemi mbele ya mama mkwe, toa watu nje kwanza. Lakini usimfukuze mwenye kusema alikuwa amekaa tu ao amelala, damu inaweza kutoka hata mtu akiwa amepumzika. Na uliza familia kama alizimia hata kidogo, na kama siku ao wiki zilizopita alipata kichwa kingine cha gafla kikaisha chenyewe, juu wengine wanapata mvujo mdogo wa kuonya kabla ya ule mkubwa.

Sasa saa. Andika saa ya kuanza juu ya fishi (karatasi ya mgonjwa), juu kabisa, kabla ya jina la dawa yoyote. Na hapa kwetu kuna mtego: kuna anayehesabu saa za Kiswahili na kuna anayesema saa za Kifaransa, mtu akikwambia "saa mbili" anaweza kuwa anataja saa mbili asubuhi ambayo kwenye simu ni 8:00, ao mtoto wake aliyesoma akawa anataja 2:00 ya alasiri. Tofauti ni saa 6 kamili, na utaona mbele kwamba saa 6 ndizo hasa zinazoamua kama skana inatosha ao haitoshi. Muulize jua lilikuwa wapi, alikuwa amekula nini, watoto walikuwa wametoka masomo ao bado, halafu andika kwa namna ya simu.

Hatua ya 2: maswali sita ya Ottawa

Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walitoa kanuni inayoitwa ya Ottawa, waliichunguza kwa wagonjwa 2131 kwenye hospitali 10. Ni ya mtu wa miaka 16 na zaidi, mwenye akili timamu, hakuumia kichwa, ana kichwa kikali kipya kilichofika kilele ndani ya saa 1. Angalia kama ana hata kimoja: umri wa miaka 40 na kwenda juu, shingo inauma ao imekaza, alizimia na mtu akamuona, kichwa kilianza akiwa anatumia nguvu, kilikuja kama radi, kilele palepale, ao ukijaribu kuinamisha shingo yake haiinami vizuri. Kimoja tu kikiwepo, sherti achunguzwe zaidi. Vyote sita visipokuwepo, damu haiwezekani sana.

Muelewe inachofanya. Kanuni hii ilikamata wagonjwa wote waliokuwa na damu, lakini inakamata na wengi ambao hawana, kati ya wasio na damu iliweza kuachilia kama 15 tu kwa 100. Kwa hiyo ni ya kukusaidia kuthubutu kusema "huyu hapana", si ya kukwambia "huyu ndiyo". Na haifanyi kazi kwa mtu mwenye dalili mpya za neva kama mkono umelegea, aliyewahi kuwa na anevrisimu ao damu ya namna hii ao uvimbe wa ubongo, wala kwa mwenye vichwa vinavyomrudia vya namna ileile kwa miezi 6 na zaidi. Hao usiwahesabie maswali, mweleze muganga moja kwa moja.

Hatua ya 3: mguse mgonjwa

Anza na fahamu, hesabu Glasgow, kipimo cha fahamu cha namba 3 mbaka 15, andika namba yake, usiandike "amechoka". Kisha macho: mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, kope ya upande ule imeshuka, jicho limeangalia nje na chini, hiyo ni dalili kwamba puto linasukuma neva ya tatu, ni dharura hata kama mgonjwa anacheka. Ukiwa na kifaa cha kuangalia ndani ya jicho tafuta damu na uvimbe wa neva. Mikono na miguu, uso, maneno. Shingo mlaze chali, mwambie alegee, inamisha wewe mwenyewe pole pole, usimwambie tu "gusa kifua na kidevu" juu atakaza mwenyewe kwa woga.

Jambo ambalo wengi hawajui: shingo kukaza kunachukua masaa, damu inahitaji muda kuchoma ngozi za ubongo. Mgonjwa aliyefika saa moja baada ya kuanza anaweza kuwa na shingo laini kabisa. Rudia kupima baada ya masaa matatu, manne. Na kichwa kikitulia kwa parasetamoli hiyo haitoi damu kwenye mawazo yako, mama yule wangu kilimtulia.

Hatua ya 4: usifungwe na jibu la kwanza

Hapa Kivu kila kichwa kina jina tayari kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi. TDR pozitifu inakwambia kuna malaria ao ilikuwepo, juu aina nyingi za TDR zinabaki pozitifu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa. Mtu anaweza kuwa na malaria na anevrisimu iliyopasuka siku moja, mpe dawa ya malaria na uendelee kutafuta. Widal, kipimo cha tifoide, sina mengi ya kusema, haielezi kichwa cha sekunde moja.

Tansio, presha ya damu, njo inadanganya zaidi. Damu ikitoka kwenye ubongo tansio inapanda yenyewe, unakuta 190 kwa 110, unasema ni tansio, unamwekea nifedipini chini ya ulimi. Usifanye hivyo. Inashusha gafla na ubongo unakosa damu. Tansio ya juu na kichwa cha radi pamoja ni sababu ya kutafuta damu, si sababu ya kuacha.

Karuho. Naheshimu familia, nao wanaona kitu cha kweli, mtu mzima ameangua kilio, ametapika, ameanguka, baada ya kula ao kunywa na watu. Usiwaambie wajinga, utawapoteza na watampeleka usiku kwenye dawa za kutapisha, na kutapika kwa nguvu ndicho kitu hatuna haja nacho kabisa hapa. Mimi nawaambia, "Papa, hata kama ni karuho, tuangalie kwanza ndani ya kichwa, mshipa umepasuka ao haujapasuka." Wengi wanakubali.

Wengine wa kufikiria: homa pamoja na shingo ngumu ni menenjiti mbaka uhakikishe si hivyo, na ukiizania usichelewesha antibiotiki kwa kungojea skana. Mwenye virusi vya ukimwi na kichwa cha wiki nzima, fikiria kriptokoki, kuvu inayoshambulia ngozi za ubongo. Mama aliyezaa juzi ao mwenye mimba, fikiria eklampsia (kifafa cha mimba) na damu iliyoganda kwenye vena za ubongo, huyo skana ya kawaida inaweza kuonyesha hakuna kitu na bado ni mgonjwa sana. Watu watatu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa asubuhi, uliza mbabula (jiko la makaa) ililala ndani na mlango umefungwa ao hapana, moshi wa makala unaua bila harufu.

Hatua ya 5: skana, na zile saa 6

Skana ya kichwa bila dawa ya mshipani ndiyo ya kwanza. Damu mbichi inaonekana nyeupe mahali ambapo maji yangekuwa meusi, chini katikati ya ubongo inachora kama nyota, inaingia kwenye mifereji ya pembeni na ule wa katikati ya nusu mbili. Angalia pia sehemu ya nyuma ya vyumba vya maji, damu inakaa pale mgonjwa akiwa amelala, na kama pembe za upande wa masikio zimepanuka, njia ya maji imeanza kuziba.

Utafiti wa Kanada wa mwaka 2011, wagonjwa 3132, ulionyesha kwamba skana iliyofanywa ndani ya saa 6 tangu kuanza iliona damu kwa wote waliokuwa nayo. Baada ya saa 6 ilikosa kama 14 kwa 100. Kadiri siku zinapita damu inafifia, ikifika wiki moja unaweza kukosa karibu nusu. Ndiyo maana ile saa uliyoandika juu ya fishi ina thamani kuliko sahihi ya muganga mkubwa.

Lakini ule ubora wa saa 6 una masharti, na kwetu masharti ndiyo yanavunjika: mashine nzuri ya kisasa, picha zisomwe na mtu aliyezoea kusoma ubongo, na mgonjwa asiwe na upungufu mkubwa wa damu, juu damu nyepesi haionekani nyeupe vizuri. Pima emoglobini, ikiwa chini ya 10 usiamini skana peke yake hata kama ilifanywa saa 3 tu baada ya kichwa kuanza. Na tuseme ukweli, mtu wa Bagira ameanza kuumwa asubuhi, familia imetafuta dola, imetafuta gari, barabara imejaa, akifika kwenye skana saa 6 zimepita zamani. Kwa wagonjwa wetu wengi, skana safi haimalizi kazi.

Hatua ya 6: maji ya mgongo

Skana imeonyesha damu? Ponksio, yaani kuvuta maji ya mgongo kwa sindano, haihitajiki, ruka hatua hii. Skana safi lakini imefanywa baada ya saa 6, na hadithi ni ya makofi? Vuta maji ya mgongo. Skana haipatikani kabisa? Inawezekana kuvuta, lakini muganga aamue, na mgonjwa awe macho kabisa, hana upande uliolegea, macho yake ndani hayajavimba, hanywi dawa za kufanya damu iwe nyepesi na hana sehemu yenye jipu pale mgongoni. Fahamu zikishuka usichome.

Ngojea saa 12 tangu kichwa kianze, kama mgonjwa ametulia. Sababu yake ni hii: damu ikiingia kwenye maji, mwili unaivunja na kutengeneza bilirubini ya rangi ya njano, na kazi hiyo inachukua masaa. Ukichoma mapema sana utapata damu nyekundu na hutajua ilikuwa kichwani ao ni sindano yako imegusa mshipa. Ile njano ikishaundwa inabaki kama wiki mbili, kwa hiyo hata aliyechelewa siku 8 bado ana nafasi ya kugunduliwa.

Mgonjwa alale upande, magoti tumboni, mgongo kama wa paka. Tafuta mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga, choma nafasi iliyo pale ao ile ya juu yake, kwa sindano nyembamba. Kusanya chupa nne, uziandike namba palepale, 1 mbaka 4, kabla hujaziweka mezani. Laborantini ahesabu chembe nyekundu kwenye ya kwanza na ya mwisho. Zikipungua karibu kuisha ni sindano yako, zikibaki sawasawa ogopa. Wakanada walionyesha pia kwamba kama chembe ziko chini ya 2000 kwa mikrolita na hakuna njano, anevrisimu iliyopasuka inaweza kutolewa kwenye mawazo.

Chupa ya mwisho ikimbie kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, bila kungoja, yaani wewe mwenyewe uibebe, usiiache dirishani, juu chembe zikikaa zinapasuka ndani ya chupa na kukuletea rangi ya uongo, na mwanga unaharibu ile ya kweli. Ikishazungushwa, chukua maji ya juu, weka kando ya chupa ya maji safi, nyuma yake karatasi nyeupe, angalia mchana. Safi kama maji ao njano kama chai nyepesi? Muite na mwenzako aangalie bila kumwambia unachofikiri. Na kabla hujasema ni damu, uliza kama mgonjwa ana macho ya njano, kama protini ziko juu sana, na kama anameza rifampisini ya kifua kikuu, hiyo nayo inatia rangi, na wagonjwa wa kifua kikuu tunao wengi.

Wakati wa kungoja

Alale kichwa kimeinuka kama nyuzi 30, chumba kimya, wageni wachache, najua hili ni gumu kwa familia zetu lakini mweleze mkubwa wa familia mmoja awaongoze wengine. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6. Diclo hapana, ibuprofeni hapana, aspirini hapana kabisa. Dawa ya kuzuia kutapika, dawa ya kulainisha choo asijikaze. Serumu ya chumvi, si ile ya glukozi 5 peke yake. Pima sukari. Namba ya juu ya tansio ikipita 160, muganga aishushe pole pole kwa dawa ya mshipani anayoweza kuiongoza. Damu ikishathibitishwa, nimodipini miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, ya kumeza. Glasgow kila saa moja, iandikwe.

Damu nyingine, ile isiyokuja kwa makofi

Kuna damu inayokaa kati ya ngozi ngumu ya juu na ubongo, hiyo hadithi yake ni tofauti. Papa mzee ao mlevi, alianguka na moto (pikipiki) wiki tatu zilizopita, hata jeraha limepona, sasa kichwa kinamuuma polepole, anasahau, analala mchana, mguu mmoja unavuta. Familia inasema ni uzee. Skana itaonyesha kitu kama mwezi mwandamo kando ya ubongo. Hii inatibika vizuri kwa upasuaji, kwa hiyo kwa mzee yeyote mwenye kichwa kipya uliza ajali za miezi mitatu nyuma. Na kijana wa moto aliyegonga kichwa, akazimia, akaamka akaongea vizuri, halafu masaa mawili baadaye anasinzia, huyo usimwache alale eti apumzike, damu inasukuma ubongo sasa hivi.

Karatasi ya transfere, ya kumpeleka mgonjwa hospitali nyingine

Mtaalamu wa kufunga anevrisimu si wa kila mji, wengine wanavuka Rwanda, wa Lubumbashi wanapita Kasumbalesa kwenda Zambia, na kila mpaka unauliza maswali upya. Kwa hiyo usiandike tu "sefale kali", yaani kichwa kikali. Andika saa ya kuanza kwa namna ya simu, alikuwa anafanya nini, ilipanda mara moja ao pole pole, alizimia ao hapana, Glasgow ya kwanza na ya mwisho na saa zake, mboni, shingo, tansio, emoglobini, TDR, dawa zote ulizotoa na saa zake, skana ilifanywa saa ngapi baada ya kuanza, chupa ya 1 na ya 4 zilikuwa na chembe ngapi, rangi ya maji ya juu. Piga picha ya karatasi hiyo kwenye simu ya mtu anayemsindikiza, juu karatasi inapotea kwenye gari. Halafu mpigie unayempelekea, umwambie kwa mdomo saa ya kuanza, na umuombe akuambie mgonjwa akifika.